Fundi kasema gia boksi imekufa: nibadili, nifanye manyuo au niuze?

Shikamoo mzee fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, nakaa Chumbageni. Nina Toyota Carina Ti ya otomatiki, toleo la 1998, niliyoinunua kwa mwalimu mwenzangu alipohamia Dodoma. Ni gari la zamani, najua, lakini halikuwahi kunisumbua zaidi ya matairi na pedi za breki. Ndilo linalonipeleka kazini, na ndilo linalonipandisha Soni kwa mama yangu. Likishuka huko halishuki tupu: kabichi, karoti, viazi, na mara nyingine jirani aliyekosa usafiri Mombo.

Mwezi wa sita nilikuwa narudi kutoka huko. Nilipopita Korogwe nikaona mshale wa joto unapanda. Nikajikaza nifike Segera. Pale hozipaipu ya rejeta ikapasuka, maji yote yakaisha. Bahati nzuri shemeji yangu alikuwa njiani na Canter yake akitoka Mkata, akanifunga kamba akanivuta mpaka Tanga. Gereji moja ya Ngamiani wakaniambia rejeta imeoza. Wakanitafutia used, wakafunga. Tangu hapo injini haijachemka tena, namshukuru Mungu.

Ila gari si lile. Asubuhi nikiweka R nasubiri. Nawahi hata kufunga mkanda na kurekebisha kioo ndipo linashtuka na kurudi nyuma. Nikiweka D nako linachelewa, halafu linagonga, du! Mjini naenda nalo hivyo hivyo. Lakini nilipojaribu kwenda kwa mama, kwenye kona za kupanda kabla ya Soni injini ikawa inalia tu, mshale wa resi unapanda, gari halivuti. Nikaegesha pembeni likapoa. Likaondoka vizuri, likaenda kidogo, likarudia yale yale. Nikageuza. Siku hiyo hiyo kitaa cha O/D OFF kikaanza kuwaka na kuzima chenyewe kwenye dashibodi.

Fundi wa kwanza aliliendesha kuzunguka mtaa mmoja, akasema gia boksi imekufa, niandae 1,400,000 aagize used Dar. Hakufungua hata boneti. Wa pili akasema ndiyo shida ya otomatiki zikizeeka, dawa ni kulifanya manyuo, yaani la gia za mkono, na nitaisahau shida hiyo. Shemeji anasema gia boksi za oto zinataka kupumzishwa, niwe naweka N kwenye mteremko, na niongeze haidroliki ya Canter, anayo dumu nzima. Mume wangu anataka tuliuze na tusiseme kitu, kwa sababu mnunuzi akilijaribu hapa mjini kwenye tambarare hataona. Hilo la mwisho linaninyima usingizi kuliko gia boksi yenyewe, maana anayelitaka ni mwalimu wa shule ninayofundisha.

Akiba niliyonayo niliiweka kwa ajili ya mtoto anayeingia kidato cha tano. Sitaki kuitoa halafu nikaambiwa tatizo lilikuwa kitu kingine. Nifanye nini?

Mwalimu, Chumbageni

*

Marahaba mwalimu, na pole kwa kuvutwa huku na huku na watu wanne wenye majibu manne.

Nianze na sentensi uliyoipita haraka: wakanitafutia rejeta used, wakafunga. Umeiandika kama habari iliyokwisha. Kwangu mimi kesi nzima inaanzia hapo, pamoja na ile kamba ya Segera, na kabla mambo hayo mawili hayajachunguzwa hakuna fundi anayeweza kukuapia kwamba gia boksi imekufa. Inawezekana kweli imekufa. Lakini aliyekuomba milioni na laki nne bila kufungua boneti, hata akipatia, amebahatisha.

Kwenye gari la manyuo rejeta inapoza maji ya injini, basi. Kwenye otomatiki kama yako ina kazi ya pili. Ndani ya tenki lake la chini kumefungwa kipoza kidogo. Haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, inakwenda pale kwa bomba moja jembamba, inapoa, inarudi kwa bomba la pili. Ukivua rejeta lazima uchomoe mabomba hayo, na ukiyachomoa haidroliki inamwagika. Nyingine inabaki ndani ya rejeta ya zamani na kuondoka nayo kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Fundi makini anakinga kilichomwagika, anakipima, anajaza, anawasha gari, anapima tena. Fundi mwenye haraka anajaza maji, anasikiliza injini kidogo, anachukua hela yake na kukutakia safari njema.

Haidroliki ikipungua, pampu inavuta hewa pamoja na mafuta. Presha inashuka, na presha ndiyo inayobana pleti za klachi mle ndani. Pleti zisipobanwa sawasawa zinateleza: injini inazunguka, magurudumu hayapati nguvu. Asubuhi, gari likiwa limelala, presha inachukua muda kujengeka, ndiyo huko kusubiri kwako mpaka ufunge mkanda. Toyota wenyewe, kwa magari ya rika hilo, wanataka gia ishike ndani ya sekunde 1.2 ukitoka N kwenda D, na sekunde 1.5 ukitoka N kwenda R. Mkanda na kioo ni zaidi ya hapo. Kisha kwenye kona za kupanda, mafuta machache yaliyobaki yanakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la mafuta chini ya gia boksi, na chujio linanyonya hewa. Barabara ya Mombo kwenda Soni ina kona za kutosha kwa kazi hiyo.

Lakini lipo jingine ninalolishuku zaidi. Rejeta ya manyuo na ya otomatiki za gari la aina moja zinaweza kufanana kabisa kwa macho, tofauti ikiwa kwamba ya manyuo haina kile kipoza wala vichwa vyake viwili vya kuchomekea mabomba. Fundi akikosa ya otomatiki, wapo wanaofunga ya manyuo, halafu yale mabomba mawili ya gia boksi wanayaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha hozipaipu na klemu mbili. Gari linatembea. Injini haichemki, kwa sababu rejeta ya maji ni nzima. Hapa mjini, tambarare tupu kutoka Chumbageni mpaka Raskazone, unaweza kwenda hivyo muda mrefu bila kujua. Ukianza kupanda mlima na mzigo, toki kanveta, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi, inazalisha joto jingi na joto hilo halina pa kwenda. Haidroliki inakuwa nyepesi kupita kiasi, presha inapotea, pleti zinateleza. Ukiegesha ikapoa, gari linavuta tena. Nimekisoma kipande chako cha kuegesha na kuondoka, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Hili huhitaji fundi kuliangalia. Gari likiwa limepoa, inama mbele yake na taa ya simu, tazama sehemu ya chini ya rejeta. Unatakiwa uone mipira miwili myembamba, kama unene wa kidole gumba, kila mmoja umechomekwa kwenye rejeta na kubanwa kwa klemu yake. Ukiona imechomekwa, pitisha kidole kwenye klemu. Kikitoka na mafuta mekundu, kuna uvujaji. Ukiona mabomba mawili yamekutanishwa kwa mpira mmoja uliopinda na rejeta haina mahali pa kuyapokea, umempata mchawi. Piga picha kabla hujamwambia mtu yeyote, kisha rudi gereji ile ile na picha yako. Wakufungie rejeta ya otomatiki kwa gharama yao, au wakuwekee kipoza cha pembeni, kile kidogo kinachokaa mbele ya rejeta na kupozwa na upepo. Kipoza hicho kinafanya kazi nzuri, na kwa mtu apandaye Soni mara kwa mara mimi ningekipenda hata kama rejeta ni sahihi.

Sasa haidroliki yenyewe. Chini ya boneti yako kuna dipstiki mbili. Moja ni ya injini, unaijua. Ya pili ni ya gia boksi, imekaa chini zaidi, upande ilipo gia boksi, na mara nyingi juu ya kishikio chake au kwenye ubapa wake kumegongwa aina ya mafuta. Kwa magari mengi ya miaka hiyo ni Dexron II au III. Wengi wanaipima vibaya kwa sababu wanaipima kama ya injini. Ya gia boksi inapimwa injini ikinguruma na gari likiwa limeshatembea vya kutosha kupata joto. Egesha mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, kanyaga breki, halafu pitisha gia taratibu kutoka P mpaka L na kurudi P, ukituama kidogo kila kituo. Injini ikiendelea kuwaka, chomoa, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Soma kwenye alama ya HOT. Ile ya COOL ni ya kukadiria tu unapojaza gari likiwa baridi, usiiamini kwa uamuzi.

Baada ya kusoma kiwango usiifute haraka. Itone kwenye karatasi nyeupe, ya daftari la wanafunzi inatosha, na uitazame juani. Ikiwa nyekundu au ya waridi na unaona karatasi kupitia ndani yake, na harufu ni ya mafuta tu, furahi. Ikiwa ya kahawia lakini haina harufu kali, ni chakavu, itabadilishwa. Ikiwa nyeusi, ina chembechembe na inanuka kama klachi ya lori iliyoungua, pleti zimeshaliwa na hapo fundi wako wa kwanza atakuwa amepatia kwa bahati yake. Ikiwa ya waridi iliyopauka na nzito kama maziwa ya stroberi, usiwashe gari tena. Hayo ni maji ya rejeta yaliyoingia kwenye gia boksi, na rejeta uliyovua ilikuwa imeoza, kwa hiyo si jambo la kubuni. Maji yanalainisha gundi inayoshika pleti. Kila kilomita unayotembea nayo unailipia.

Kama kiwango kimepungua na rangi ni nzuri, ongeza aina iliyogongwa kwenye dipstiki, kidogo kidogo, kwa faneli yenye mpira mrefu kupitia tundu lile lile la dipstiki, ukipima kila mara. Usizidishe. Ikizidi inatoka povu, na povu linateleza kama hewa. Nunua kwenye duka linalokupa risiti ya EFD na chupa isiyofunguliwa. Ile dumu ya shemeji mwache nayo. Si kwamba haidroliki ya Canter ni mbaya, ila haikutengenezwa kushika pleti za Carina, na kuichanganya ni sawa na kumeza dawa ya presha ya jirani kwa kuwa nawe unaumwa kichwa.

Ikiwa chakavu na haijaungua, mwambie fundi aimwage, afungue sampu, asafishe chujio na zile sumaku ndogo zilizolala chini, arudishe na gasketi mpya. Simama hapo sampu inaposhuka. Kwenye sumaku kutakuwa na tope laini la kijivu. Hilo ni la kawaida kwa gari la umri huu, usishtuke. Vipande vya chuma vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Na ujue kinachotoka kwa kufungua nati ya chini ni chini ya nusu ya haidroliki yote, nyingine imebaki ndani ya toki kanveta na njia zake. Kwa hiyo ukitembea kidogo na kurudia kumwaga, unaisafisha polepole. Mimi siwapendi wanaosukuma haidroliki mpya kwa mashine ya presha kwenye gia boksi ya umri wa Carina yako. Taka zilizotulia zinaamshwa na kuziba njia za valvu bodi, ile sehemu inayogawa haidroliki kwa kila gia, na wewe unabaki na kesi mpya.

Nirudi Segera. Pampu ya haidroliki kwenye otomatiki inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala, hakuna mafuta yanayopanda kulainisha chochote. Gari lako linavuta kwa magurudumu ya mbele, na shemeji alipolivuta kwa kamba magurudumu hayo yalikuwa chini, yanazungusha vyuma vya ndani ya gia boksi vikiwa vikavu, kilomita zinazokaribia 70, na Canter ya mtu anayetaka kufika nyumbani haiendi pole pole. Simlaumu, alikusaidia, na kwa manyuo kamba isingekuwa na neno. Ila kwa otomatiki ya kuvuta mbele ni brekidauni inayoinua mbele, au gari zima juu ya kitanda cha lori. Kamba ni ya kulitoa barabarani tu, gia ikiwa N, mwendo wa mtu anayetembea. Ninalitaja hili si kukutisha. Ulisema gari linavuta vizuri likiwa limepoa, na gia boksi iliyoungua kwa kukosa mafuta mara nyingi haina adabu hiyo, inateleza baridi na moto. Lakini fundi atakayelishika lazima aambiwe lilivutwa, ili asikilize milio ya beringi na asishangae akikuta vumbi la chuma.

Kile kitaa cha O/D OFF ni kesi ya pembeni na watu wanaichanganya. Kikiwaka moja kwa moja maana yake umebonyeza kitufe cha kwenye gia na umezuia gia ya nne, ndiyo overdrive au O/D, hakuna ubaya. Kikipepesa chenyewe, kompyuta inakuambia imeona hitilafu ya umeme upande wa gia boksi: sensa ya mwendo, solenoidi (valvu ndogo ya umeme inayobadili gia), waya uliokatika au soketi iliyoachwa wazi. Upungufu wa haidroliki peke yake, kwa kawaida, haukipepesi. Kwa hiyo huenda una mambo mawili, au wakati wa kufunga rejeta kuna waya ulivutwa. Ukikuta chini ya boneti kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, fundi umeme anaweza kusoma kosa bila mashine yoyote: anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua switchi bila kuwasha injini, kitufe cha overdrive kikiwa hakijazima, na anahesabu mipepeso. Mipepeso sita, kituo, kisha miwili ni 62, yaani solenoidi namba 1. Sita na mitatu ni 63, solenoidi namba 2. Minne na miwili (42) au sita na mmoja (61) ni sensa za mwendo. Kikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Usiunganishe mwenyewe, matundu yapo karibu karibu na ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu. Kusoma ni kazi ya dakika chache, na fundi akikutajia bei kubwa kwa hilo, ondoka.

Mwombe pia jaribio moja linalotenganisha umeme na chuma. Anachomoa soketi ya solenoidi za gia boksi, anaendesha akihamisha gia kwa mkono, L, kisha 2, kisha D. Kama tofauti ya gia inasikika wazi na hakuna kuteleza, vyuma vyako ni vizima na ugonjwa ni wa umeme. Kama inateleza hata hivyo, basi ni mafuta, presha au pleti. Jaribio hili limo kwenye vitabu vya kiwanda vya magari haya, lakini ni gereji chache zinazolifanya, kwa sababu kuuza gia boksi kunalipa zaidi.

Madogo yaliyobaki nayapitia tu. Kugonga unapoweka D kunaweza kuongezwa na sailensa, yaani resi ya injini gari likiwa limesimama, iliyopandishwa baada ya gari kuchemka, au mauntini ya injini iliyokatika, aangalie zote. Na kuna kebo inayotoka kwenye throtoli kwenda gia boksi, ndiyo inayoiambia gia boksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Ukikanyaga mpaka mwisho, kile kipande cha chuma kilichobanwa kwenye kebo kinatakiwa kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka kwenye kofia yake. Kebo iliyolegea inashusha presha, na dalili zake ni kama ulizoandika.

La kuweka N kwenye mteremko, hapana, na hapa nasema kama mzazi. Kutoka Soni kushuka Mombo ndipo unapoihitaji injini ikushike. Ukiweka N umebakiwa na breki peke yake, zinachemka, kanyagio linazama, na upande mmoja ni bonde. Wala huokoi mafuta: injini ya EFI ukiachia resi gari likiwa kwenye gia inakata petroli yenyewe, ilhali kwenye N inalazimika kuchoma ili isizime. Shuka na 2, au zima overdrive, na iache injini ilie. Kulia huko hakuidhuru.

Kuhusu mume wako, mwambie kwa upole kwamba mnunuzi mnayemtaka ninyi atakutana nanyi staff room Jumatatu. Mkiamua kuuza, uzeni kwa kusema, na bei ishuke kwa kiasi cha ugonjwa. Lakini kuuza kabla ya kujua ugonjwa ni kulitoa gari kwa bei ya kilio, pengine kwa kosa la mpira mmoja.

Kulifanya manyuo sikushauri. Wanaosema ni rahisi wanahesabu gia boksi tu. Kuna pedali ya klachi na mfumo wake, flaiwili, mkono wa gia, pengine hata shafti, na kompyuta iliyozoea kuzungumza na gia boksi ambayo sasa haipo. Ukimaliza una gari ambalo kila fundi atakayefuata ataanza kwa kuuliza nani alifanya hivi, na mnunuzi naye atauliza hivyo hivyo.

Ikifika mahali haidroliki imeungua, jaribio limeteleza na sampu imejaa vipande, hapo ndipo used inaingia, na hapo ninataka uwe mgumu. Kwanza fundi aandike namba ya gia boksi yako kutoka kwenye kibati cha gari ndani ya boneti, isije ikaletwa inayofanana ya gari jingine. Used ije na toki kanveta yake, msirudishe ya zamani. Chomoeni dipstiki yake palepale dukani, mnuse. Ikinuka moto, ibaki hapo hapo. Muuzaji aandike kwenye risiti siku za majaribio na kwamba atabadilisha au atarudisha fedha, kwa maneno, si kwa kutikisa kichwa. Kipoza na mabomba yake visafishwe kabla ya kufunga, au rejeta ibadilishwe, kwa sababu chuma kilichosagika kwenye gia boksi ya zamani kinajificha humo na safari ya kwanza kinaingia kwenye mpya. Fedha ya ufundi usiitoe yote siku ya kufunga. Weka sehemu mpaka gari limetembea likapata moto, limepanda mlima, limerudi, na wewe mwenyewe umepima dipstiki injini ikinguruma. Fundi anayekataa masharti hayo amekwisha kukujibu, tafuta mwingine.